Nyumba ya "hamia na begi lako tu" Tabata: rangi nyota tano, nyumba yenyewe mbili

Nianze na nyota kabisa, asie na mda aishie hapahapa. Rangi nyota tano. Geti nyota tano, geti zuri jamani sisemi uongo. Vigae vya sebuleni tatu. Nyumba yenyewe mbili, na katika hizo mbili moja nawapa majirani.

Tulinunua mwisho wa mwezi wa pili 2024, Tabata, mtaa siutaji mana bado naishi humo. Vyumba vitatu kimoja masta, sebule imeunganishwa na jiko kwa ule mtindo wa saivi wa kuvunja ukuta wa kati, uwanja wote peving, dari la jipsamu lenye taa za kubadilika rangi kama ukumbi wa harusi. Bei ilianza milioni 130 tukavutana nayo mpaka 115, nusu akiba yetu ya miaka tisa na nusu mkopo. Dalali alisema imekarabatiwa kila kitu kipya, dada yangu hapa unahamia na begi lako tu. Na kweli tulihamia na mabegi, ila baada ya wiki sita mabegi yalikua juu ya meza mana chini kulikua na maji.

Sasa kabla hujaniambia si ungekagua, nilikagua. Ndo kinachoniuma. Nlienda mara tatu, mara zote saa nne asubuhi, jua la Februari linawaka, dalali kashafungua madirisha yote, nyumba inanukia rangi mpya na mie ile harufu inanilewesha sijui ni mimi peke yangu. Nikafungua koki maji yakatoka kwa presha. Nikawasha taa zikawaka. Nikavuta choo kikavuta. Baba Zai akapapasa ukuta kwa kiganja kama ananunua ng'ombe mnadani, akanitazama akasema uko vizuri. Tukajiona tumemaliza.

Ambacho sikukijua siku zile ni kwamba nyumba kuukuu iliyochoka ni rahisi kuikagua kuliko iliyotoka kurembwa. Kuukuu inajisema yenyewe. Doa la kahawia darini maana yake paa linavuja, ukuta uliobanduka kwa chini maana yake maji yanapanda, soketi nyeusi maana yake waya umezidiwa, huhitaji hata fundi. Ukiikarabati kwa ajili ya kuuza unafuta ushahidi wote alafu mnunuzi anakuja kwenye eneo la tukio ambalo limeshadekiwa. Mie nlilipa milioni 115 kwa sababu pamedekiwa vizuri.

Tuanze juu tushuke.

Masika ya mwaka ule mnayakumbuka, Aprili 2024 haikua ya mchezo. Usiku wa pili wa mvua kubwa taa moja ya sebuleni ikaanza kudondosha maji, sio dari, taa, maji yanatoka kwenye taa inayowaka rangi ya zambarau, nikakimbilia mein swichi nikazima nyumba nzima tukalala na giza. Asubuhi akaja fundi, mzee mmoja wa makamo alieletwa na shemeji yangu, hakugusa hata taa. Swali lake la kwanza: tundu la kupandia darini liko wapi? Tukatazamana. Hamna. Dari nyumba nzima jipya na hakuna hata upenyo wa paka. Mzee akacheka kidogo akasema bibie hapo ndo ungeanzia, mtu akifunga dari lote bila tundu kuna kitu hataki ukione, au fundi wake hajui kazi, na yote mawili hayakufai.

Akakata tundu pale stoo, akapandisha kichwa na tochi, akakaa kimya mda mrefu mpaka nikaogopa labda kuna nyoka. Alafu akashuka akaniambia panda mwenyewe uone. Nikapanda. Juu ya jipsamu, usawa uleule wa taa, kuna beseni. Beseni la bluu la kufulia limejaa mpaka linamwagika. Alipolitoa na kulimwaga nikaona ndani yake mistari mistari ya uchafu kama kikombe cha chai kisichooshwa, yani lilishajaa na kukauka mara kadhaa kabla ya sie kuja. Kwa hiyo mtu alipanda kule, akaona bati linavuja, akatafuta beseni, akalitega, akafunga dari chini yake, akaweka taa ya rangi, akapaka emalshen nyeupe, akatupokea mlangoni na soda. Beseni bado ninalo, nafulia nguo za watoto.

Na bati lenyewe sasa. Kwa nje limepigwa rangi ya maruni linang'aa, ukilitazama ukiwa chini getini unasema hili la juzi. Kwa ndani kutu tupu, mzee aliniambia zima tochi, nikazima, nikaona mwanga umetoboka toboka kama chujio la nazi. Ni geji 32, na hapa nilijifunza kitu mana nlikua najua kinyume, kwenye mabati namba ikipanda unene unashuka, 28 ni nene kuliko 30 na 30 ni nene kuliko 32, kwa hiyo dalali akikwambia kwa majivuno kwamba "hii ni 32" mwache aendelee kuongea. Mbao mbili za kenchi (fremu inayobeba bati) zilikua zimeliwa na mchwa, nikaminya moja kwa kidole gumba kikazama kama biskuti iliyolowa chai.

Hiyo peke yake ilitutoa milioni 5 na laki 6. Na kupanda darini na tochi ni dakika kumi na haina malipo. Panda mchana jua likiwa kali, zima tochi, tafuta vitone vya mwanga, gusa mbao, na kama hakuna tundu mwambie muuzaji akate moja, akikataa we shika begi lako uliloambiwa unahamia nalo uondoke.

Haya ukuta wa masta. Huu ndo ulionikasirisha kuliko vyote mana ulikua mzuri kuliko vyote, umepigwa skiming, ile putty ya kulainisha, mpaka unateleza, rangi ya maziwa. Wiki ile ya kimbunga Hidaya, mwanzoni mwa mwezi wa tano, nikaona nyuma ya kabati rangi imevimba vimba kama maandazi yanayoumuka. Nikaparua kwa kucha, putty ikashuka kama unga wa sembe na ndani kuna unyevu na vitu vyeupe vimeota kama pamba, Zai akasema mama ukuta umeota ukungu, kumbe ni chumvi. Mzee akaja tena (saivi tumeshakua ndugu) akapima kwa macho akaniambia toka nje nikuoneshe ugonjwa.

Ugonjwa ni peving. Ule uwanja mzuri niliousifia siku ya kwanza, waliporembesha walimwaga mchanga na kokoto juu ya uwanja wa zamani ndo wakapanga peving, uwanja ukapanda karibu shubiri nzima, kwa hiyo saivi uwanja uko juu kuliko sakafu ya chumba changu upande wa nyuma. Mvua ikinyesha maji yanakaa yameegemea ukuta, ukuta unayanyonya kama utambi wa koroboi, na nyumba yenyewe ya zamani haina ile nailoni nzito wanayoweka juu ya msingi kuzuia maji yasipande. Ukishapaka putty na rangi nzuri ya kuziba kwa ndani unyevu hauna pa kupumulia, unasukuma mpaka unaivimbisha rangi. Kwa hiyo ukarabati haukuficha tatizo tu, uliongeza. Tukabandua lipu mita moja kwenda juu, tukaacha ukuta uchi karibu miezi miwili ukauke (watoto walilala sebuleni mda wote huo), tukang'oa mistari mitatu ya peving kuzunguka nyuma tukachimba mfereji. Laki tisa, na bado kona moja mvua ikiwa kubwa inaniangalia vibaya.

Mbinu niliyoipata nimechelewa: usiangalie pale ambapo rangi imepakwa, angalia pale ambapo mpakaji rangi hakufika. Ndani ya kabati za ukutani kwa chini kabisa. Chini ya sinki la jikoni. Nyuma ya simtank. Na hasa ukuta wa nyuma unaotazamana na jirani, ule wa uchochoroni, mana pale mnunuzi huwa haendi kwa hiyo na muuzaji hapotezi rangi. Mie nlienda uchochoroni kwa mara ya kwanza nikiwa mwenye nyumba tayari, ukuta ule una ramani ya maji mpaka usawa wa goti, mstari kabisa umenyooka kama umepigwa rula. Huo mstari ulikua pale siku zote tatu nilizokuja kukagua.

Choo. Naomba nisimulie haraka mana naona aibu. Sikukuu ya Idi, ilikua Jumatano tarehe 10 Aprili, wageni kumi na nane, pilau imeiva, wakwe zangu wote wapo wametoka Tanga, na saa nane mchana choo cha wageni kikarudisha. Sio kuziba, kurudisha. Tukatafuta chemba (kile kishimo cha mfuniko cha kuzibulia bomba la choo) tumuite mzibuaji, chemba hatuioni, shimo hatulioni, uwanja mzima ni peving imelala vizuri kama zulia. Baba Zai na kanzu yake anagonga gonga peving kwa mtaimbo anasikiliza palipo wazi, baba mkwe amekaa kibarazani na kikombe cha kahawa anamwangalia, na mie naombea nife. Tulilipata saa kumi na moja, liko chini ya pale tunapoegesha gari. Gari! Mfuniko wenyewe zege jembamba lina ufa. Shimo lenyewe la zamani la nyumba ya choo kimoja, sasa limeunganishwa vyoo viwili vya ndani na jiko na mashine ya kufulia, hakuna shimo la pili la kunyonyesha maji ardhini. Ile siku nilipovuta choo kikavuta nlikua navuta choo cha nyumba iliyokaa miezi bila mtu, hata ndoo ingevuta.

Kwa hiyo ukienda kuangalia nyumba usivute choo mara moja. Jaza bafu na masinki yote maji, fungulia kwa pamoja, vuta vyoo vyote, alafu subiri uone kama kuna kinachoguna. Na muuzaji akuoneshe chemba kwa mkono wake, afunue mfuniko. Mtu aliekarabati kwa haki anajua shimo lake liko wapi mana alilipia kulinyonya. Milioni 3 na laki 9, na tulichimba jipya kabisa.

Kwenye umeme ntapita mana fundi alikunja uso tu hakunieleza sana. Soketi mpya za bei, brekazi mpya zimepangwa vizuri kwenye boksi, nyuma yake waya ni walewale wa enzi hizo umeungwa kwa tepu nyeusi ndani ya ukuta. Hita ya kuogea ya masta imefungwa kwenye waya wa milimita 1.5, huo ni wa taa, hita inataka 4 au zaidi. Waya ya ethi (ya kushusha umeme unaovuja ardhini) inatoka ukutani inaingia ardhini ukiivuta inakuja yote, haikufungwa popote, urembo. Tulijua siku tulipoamka tunasikia harufu kama samaki anaungua na hakuna anaepika. Milioni 1 na laki 7 na nusu. Mlete fundi umeme afungue soketi tatu tu, jikoni, bafuni na chumbani, achomoe aangalie nyuma, ni robo saa.

Ufa nao upo. Waliovunja ukuta wa kati ili jiko na sebule viwe kitu kimoja hawakuweka bimu ya kushika uzito, waliweka linta nyembamba kama ya juu ya mlango wakaifunga na jipsamu nzuri yenye kitaa ndani. Miezi mitatu ukatokea ufa kutoka kona ya juu ukienda mshazari. Mzee alitufundisha hivi: ufa mwembamba kama unywele uliosambaa kwenye lipu mara nyingi ni lipu tu ilikauka haraka, usikose usingizi. Ufa wa mshazari unaotoka kona ya dirisha au mlango, au unaopanda ngazi ngazi kufuata maungio ya tofali, na hasa kama unaweza kuingiza shilingi mia, huo ni wa nyumba kutembea. Akachukua penseli akaweka alama mwanzo na mwisho wa ufa akaandika tarehe pembeni, 14/6. Kila mwezi tunaangalia. Mpaka leo umepita alama kwa nusu kidole alafu ukasimama, nguzo ya chuma ishawekwa chini yake kwa hela ambayo siitaji hapa mana Baba Zai hajui nlikopa kwenye kikoba. Na kwenye nyumba iliyotoka kupakwa rangi ufa wa namna hii huuoni hata uwe na miwani, kwa hiyo palipovunjwa ukuta uliza swali moja tu, nani alikwambia huu unavunjika, na kibali cha halmashauri cha kubadilisha jengo kiko wapi. Sura ya mtu itakujibu.

Vigae: chukua sarafu ya mia mbili gonga kimoja kimoja, kinacholia wazi kama dafu hakina saruji chini. Vyangu sita vilinyanyuka usiku mmoja kwa mlio wa paa! tukadhani mwizi. Basi.

Sasa niwape iliyo tamu kuliko zote. Siku ya kwanza tunanunua umeme baada ya kuhamia, tumeweka elfu ishirini kwenye LUKU, risiti ikaja imekatwa kodi ya jengo shilingi 6,000. Kodi hiyo siku hizi inakatwa humohumo kwenye LUKU, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Elfu sita ni miezi minne. Nikaona kawaida nikalipa nikasahau. Kumbe karatasi ile ndo ilikua kitu pekee cha kweli kwenye biashara nzima, inaniambia mita hii haijanunuliwa umeme tangu mwezi wa kumi na moja, na mwezi wa kumi na moja 2023 ndo mvua za El Niño zilikua zimekolea. Nyumba ilihamwa katikati ya mvua. Mimi dalali aliniambia mwenye nyumba alikua anaishi humo mpaka Januari kaenda kwa watoto wake Mwanza.

Nani alinithibitishia? Mama wa genge. Pale kona kuna mama anauza nyanya na bamia, nimekaa mwezi mzima napita namsalimu tu shikamoo marahaba. Siku moja ananipimia nyanya akaniuliza mwanangu unakaa ipi, nikamwambia lile geti jeusi. Akasema "aaah, nyumba ya maji." Nikamwambia nyumba ya nini mama? Akasema si pale, mvua zile waliokua wamepanga walitolewa na magodoro kichwani, akaja mtu akainunua kwa bei ya kutupa, akaleta mafundi mwezi mmoja na nusu wanafanya kazi mpaka usiku. Mtaa mzima unaiita nyumba ya maji na dalali anaiita hamia na begi lako. Nyanya za elfu moja zingenipa taarifa ambayo sikuipata kwa hela yote niliyotoa, na nilizinunua nimechelewa mwezi mmoja. Kwa hiyo mie saivi mtu akiniambia anaenda kuangalia nyumba namwambia nenda kanunue mboga kwanza, kaa kwenye benchi la genge, alafu waulize bodaboda wa kijiweni mvua ikinyesha wanapita njia gani kuja mtaa huu. Na nenda siku ya mvua, ikiwezekana saa moja baada ya kuacha, uone maji yanatoka wapi yanaelekea wapi.

Kwenye makaratasi hatukukosea, huko najipa nyota nne. Baba Zai alikomaa upekuzi wa hati ufanyike ofisi ya ardhi kabla ya senti moja kutoka, jina kwenye hati likawa la muuzaji na hakuna mkopo umewekwa juu yake. Mke wa muuzaji akasaini pia, yeye mwenyewe mbele ya wakili sio saini imeletwa mfukoni, mana Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mtu kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake na kesi zake hazishi. Bikoni (mawe ya mipaka ya kiwanja) tulizitafuta zote nne tukazipata. Umbali na mto tulipima pia, sheria ya mazingira inataka mita 60 na watu wa bonde la Msimbazi walishaona alama za X nyekundu za kubomolewa kwenye kuta zao mwisho wa 2015, sitaki hata kukumbuka. Sie tuko mbali na mto, maji yetu ni ya mteremko tu. Tulichosahau ni bili ya maji, boksi la mita lipo getini zuri limepakwa rangi, kumbe maji yalishakatwa kwa deni la laki 3 na elfu 12 na ile presha niliyoisifia ilikua simtank iliyojazwa na boza asubuhi ile. Omba namba ya akaunti ulizia deni kabla hujasaini.

Ila kuna kitu kwenye mkataba kilitufunga. Kuna mstari unasema mnunuzi ameikagua nyumba na ameridhika na hali yake. Nlivyompigia muuzaji kuhusu beseni hakupandisha hata sauti, "mama, uliona, ukaridhika, ukasaini." Kweli nlisaini. Na mthamini wa benki je, mbona alikuja? Alikuja, dakika ishirini, akapiga picha akapima vyumba akaenda, mie roho ikatulia nikajua mtaalamu kashapita. Yule kazi yake ni kujua benki ikiiuza nyumba itapata shilingi ngapi, sio kupanda darini kutafuta mabeseni. Wa kupanda darini unamlipa mwenyewe. Yule mzee wangu anachukua elfu themanini kuzunguka nyumba nzima na daftari, na jumla ya marekebisho yangu pamoja na lile deni la maji (ukitoa ile ya kikoba) ni milioni 12 na laki 4 na ushee. Piga hesabu mwenyewe.

Niwe mkweli na upande wa pili, watu wakisoma hapa watadhani kila aliekarabati ni mjanja. Mwezi uliopita mdogo wangu wa kiume anatafuta nyumba huko Chanika, akaniburuza nimsindikize na mzee wangu na daftari lake. Nyumba ya tatu tuliyoenda ni ya mwalimu mstaafu, anaishi humo, aliikarabati kama miaka miwili iliyopita. Mvua ya vuli ilikua imetoka kunyesha tope mpaka kifundoni. Tukamuuliza tundu la darini, akaenda mwenyewe kuleta ngazi. Tukamuuliza chemba, akafunua na jembe. Akatoa daftari la kaunta lina risiti zimebandikwa kwa gundi, bati hizi hapa, mbao hizi hapa, gari la majitaka tarehe hii hapa. Mzee wangu akawa hana cha kufanya anatingisha kichwa tu. Sasa darini pale koridoni kuna doa moja la kahawia saizi ya sahani, dari lote limepakwa rangi ila pale amezungushia penseli akaacha. Nikamuuliza mwalimu mbona hapa hukumalizia? Akasema hapo ndo palipokua panavuja, sikupaka makusudi ili likirudi nilione.

Mdogo wangu haitaki. Anasema ni ya kizamani, jiko liko nje, hamna jipsamu, na kuta zimepakwa kijani kama zahanati, yeye kaona nyingine Kinyerezi ina taa za kubadilika rangi. Mwalimu anataka milioni 62 na amekubali tubakize milioni 4 mkononi mpaka masika yapite. Nimempa mdogo wangu mpaka Jumapili aamue, akishindwa natafuta hela naichukua mie.